Mwalimu Wako Mpya Namfahamu

Pito, Sumbawanga
Jumamosi, alasiri

Deo mwanangu,

Barua nyingi huanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi, kwa sababu umetoka hapa sasa hivi na shati lako la kijani, unakwenda kumuaga bibi yako, na nimesimama mlangoni nikikutazama mpaka ulipokata kona ya kanisa. Hujambo, nimekuona kwa macho yangu. Mwenye jambo ni mimi.

Bibi hatakuachia upesi. Atakuombea, atakulisha, kisha atakuombea tena. Kwa hiyo nina saa mbili, pengine tatu. Tangu nishike kalamu hii nimeshanyanyuka mara nne. Mara ya kwanza nilikwenda kutazama maharage. Mara ya pili kuku walikuwa wameingia kwenye ulezi niliouanika. Mara ya tatu nilidhani nimesikia unarudi. Ya nne sijui nilifuata nini. Nilijikuta chumbani kwako nimeshika begi lako, nafungua zipu na kuifunga, nafungua na kuifunga.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji, wala za watu wa stendi. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mama, nimesikia. Hata kuku wamesikia." Ninalotaka kukuandikia sijalisema kwa wiki tatu, na kabla ya wiki hizo tatu sikulisema kwa miaka kumi na miwili.

Unakumbuka ile siku uliyonisomea habari za chuo? Ulikuwa umekaa jikoni unapukuchua mahindi ya mbegu, simu umeiegemeza kwenye ndoo. Ukasema, "Mama, idara yetu ya jinsia imetoa habari zake." Idara yetu! Hujakanyaga hata ngazi yake, na tayari ni yenu. Nilifurahi, nikakwambia soma. Ukanisomea kwamba wamefungua chumba cha wanafunzi wenye watoto wachanga, wakae humo wanyonyeshe bila kujificha chooni. Ukasoma kuhusu semina, na kuhusu wanafunzi watakaopelekwa vijijini wakati wa likizo. Kisha ukasoma kwamba idara inakusanya masimulizi ya wanawake waliofukuzwa shule kwa sababu ya mimba, miaka ile kabla serikali haijaruhusu warudi. Hapo ukanitazama, ukatabasamu, kana kwamba habari hiyo wameiandika kwa ajili yangu.

Halafu ukaruka kwenye kigoda. "Mama! Kuna mhadhiri msaidizi mpya, mtu wa kwetu kabisa, katoka Rukwa!" Ukanigeuzia simu nione picha.

Nilikuwa nasonga ugali. Mwiko ulisimama. Ukaniuliza, "Mama, vipi, umeungua?" Nikasema ni moshi.

Huyo mwalimu namfahamu, Deo. Na wewe unamfahamu, ila ulikuwa na miaka minane na hukumjua kwa jina lake. Ulikuwa unamwita Dada Mrefu. Ndiye aliyekufundisha kusoma saa. Anaitwa Yasinta, na mimi ndiye niliyemfukuzisha shule.

Nimeandika. Nimekaa dakika nzima nautazama mstari huo, na paa halijaanguka.

Sasa nikusimulie vizuri, maana najua utataka kujua hatua kwa hatua, ndivyo ulivyo tangu utoto.

Habari zangu za kufukuzwa unazijua. Nilikuwa kidato cha tatu, nikapata mimba yako, baba yako akahamia Mpanda na hakutazama nyuma. Baba yangu alikuja kunichukua na baiskeli. Tranka langu akalifunga kwenye keria, akatangulia mbele. Tulitembea tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi, upepo wa Julai unatupiga usoni, hakusema neno. Tulipofika aliegemeza baiskeli ukutani akaniambia, "Jembe liko kule." Basi. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Hadithi hiyo nimekusimulia mara nyingi, pengine mara nyingi mno. Niliisimulia mpaka ikawa kama kitambulisho changu, natembea nayo, naionyesha kila ninapoulizwa mimi ni nani. Mjomba wako alipokuja na mchele kutoka Kaoze akakucheka, "Yaani dume zima unakwenda kusomea mambo ya wanawake? Utarudi unasuka nywele?" ukamjibu, "Mjomba, shikamoo kwanza." Tukacheka wote, hata yeye. Kisha ukaacha kucheka, ukamwambia, "Mama alifukuzwa shule kwa ajili yangu. Nataka nijue ni nani hao walioamua iwe hivyo."

Nikatoka nje. Ulidhani nimekwenda kulia kwa furaha.

Nilikulea ukijua kwamba mama yako alitendewa. Sikukulea ukijua kwamba mama yako naye alitenda. Katika makosa yangu yote kwako, hilo ndilo kubwa, kwa sababu umelichagulia hata masomo.

Baada ya miaka ya jembe, mtawa mmoja wa parokia aliniombea kazi ya umatroni kwenye bweni la wasichana la sekondari moja ya huku kwetu. Shule yenyewe sitaitaja. Walimu wa leo si wale. Tulipewa chumba kimoja mwisho wa bweni, mimi na wewe. Kwangu ilikuwa kama kurudi shule kwa mlango wa nyuma. Wasichana walinipenda. Niliwasimulia yaliyonipata, niliwaambia, "Mimi ni kama nyie, nilikaa kwenye madawati hayahayo." Nilidhani nawaonya. Sikujua kwamba nilikuwa nawafungulia mlango wa kunijia.

Yasinta alinijia. Alikuwa kidato cha nne, wa kwanza au wa pili darasani kila mtihani, mrefu kiasi cha kuinama akiingia chumbani kwetu. Jioni alikuwa anakuchorea saa kwenye karatasi, mishale ameikata kwenye boksi la majani ya chai. Siku moja alibaki ulipotoka kwenda kucheza. Akasema, "Mama matroni, naomba nikwambie kitu, usinichukie."

"Sema."

"Huu mwezi wa tatu sijaona siku zangu."

Alinitajia mhusika, hakuwa mtu wa shule. Hakulia. Alikuwa ameshapiga hesabu zake zote. "Zimebaki wiki saba tufanye mtihani wa taifa. Niache nifanye tu. Nitajifunga khanga, nitavaa sweta. Kwa baridi ya huku nani atashangaa mtu kuvaa sweta? Nikimaliza karatasi ya mwisho naondoka mwenyewe, hata matokeo nitayasikia nikiwa nyumbani."

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia, "Kwangu halitatoka."

Nilimaanisha, Deo. Ningependa usadiki hilo, ingawa sijui lina faida gani. Watu wanaovunja ahadi wengi wao walimaanisha walipoahidi.

Kama wiki mbili baadaye mkuu wa shule aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hakugombana na mtu. Akaniambia, "Kuna maneno yamenifikia. Ijumaa nataka wasichana wote wapimwe. Na safari hii, matroni, akibainika mmoja baadaye ambaye wewe hukumtaja, mtaondoka pamoja."

Siku tatu zilizobaki nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifua mashuka yaliyokwisha kufuliwa. Ningeweza kumwambia Yasinta augue, aende zahanati siku hiyo, aende kwao kwa msiba wa uongo. Nilizifikiria njia zote hizo, na kila nilipokaribia kumwita nilikuona wewe na kaptula yako ya shule, nikaona jembe, nikaona baba yangu akiegemeza baiskeli. Nikajiambia kesho. Kesho yake nikajiambia pengine mkuu ataahirisha.

Ijumaa ikafika. Waliwapanga mstari bwaloni, madirisha yamezibwa kwa mashuka. Mwalimu mmoja wa kike alikaa mezani na daftari la majina. Kazi ya kupapasa matumbo ilikuwa yangu. Walisema mimi nina uzoefu.

Kila niliyemaliza nilisema "mzima," mwalimu anaweka alama. Mzima, mzima, mzima. Yasinta alipofika mbele yangu hakutetemeka. Wenzake ambao hawakuwa na kitu walitetemeka, yeye hakutetemeka, kwa sababu alikuwa na neno langu. Aliinua sweta lake mwenyewe.

Nikaweka mikono. Mwalimu akauliza, "Vipi huyo?"

Sikiliza hapa, Deo. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba mwalimu alikuwa ameshaona, kwamba aliuliza kwa sauti ya mtu anayejua. Si kweli. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza kama alivyouliza kwa wengine wote. Nilikuwa nimeshasema "mzima" zaidi ya mara thelathini asubuhi ile. Ningesema mara moja zaidi, mstari ungesogea.

Nikasema, "Huyu anayo."

Yasinta aliteremsha sweta polepole, akalinyoosha. Aliponitazama hakuwa na hasira bado. Alikuwa kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake.

Nilimsindikiza bweni akafungashe. Nilimkunjia blanketi, mikono haikujua ifanye nini kingine. Hapo ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama matroni, uliniahidi."

Nikamjibu, "Ndiyo sheria, mwanangu."

Nilimwita mwanangu. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linaloniamsha kitandani.

Wewe ulitoka shule mchana ukaanza kumtafuta na saa yako ya karatasi. Mlikuwa mmefika kwenye kasorobo. Nikakwambia amehama. Ukauliza amehamia wapi, atarudi lini, mbona hakuaga. Ulipouliza mara ya tatu nikakuzaba kibao. Labda hukumbuki. Mwaka ule wote ulikuwa ukisema "saa mbili na dakika arobaini na tano," na mimi sikukurekebisha.

Nilibaki na kazi yangu miaka minne zaidi. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya walimu. Ila wasichana hawakunijia tena. Waliumwa, hawakuniambia, walilia, wakanyamaza nikipita. Nilipoacha kazi nikaja kulima hapa Pito, nilikwambia nimechoka na kelele za bweni. Mwanangu, bweni lile halikuwa na kelele hata kidogo nilipokuwa ndani yake.

Nimenyanyuka tena. Maharage yameiva. Jua limefika kwenye ukingo wa milima, na upande wa kwa bibi barabara bado tupu.

Baada ya ile siku ya habari za idara sikutulia. Umeona mwenyewe: nikikaa nanyanyuka, nikienda shamba narudi na jembe safi. Uliniuliza kama naumwa. Wiki iliyofuata nikakwambia nakwenda Matai kwenye msiba. Hakukuwa na msiba. Nilipitiliza Matai, nikachukua bodaboda mpaka Kasesya, mpakani.

Nilikuwa nimesikia zamani, sokoni, kwamba Yasinta alipofukuzwa kwao hawakumpokea, akaenda kwa mama yake mdogo anayepika chakula pale Kasesya kwa madereva wa malori. Sikuwa nimewahi kuuliza zaidi. Mtu huulizia anachotaka kujua.

Malori yalikuwa yamepanga foleni yakingoja ushuru wa forodha, vumbi jekundu mpaka kwenye kope za watu. Nilimuulizia mama huyo kwenye kibanda cha kwanza, wakanionyesha cha tatu. Mwanamke mnene, amefunga kilemba cha njano, anapakua wali kwa dereva. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni nani. Hakuacha kupakua.

"Matroni," akasema. "Umekuja kufanya nini huku?"

"Nimekuja..." nikakwama.

"Kama umefuata msamaha, hapa hatuna. Hapa tuna wali maharage na wali samaki."

Dereva akacheka, hakujua anacheka nini. Mama yule akaniambia nikae. Nikakaa. Wateja walipopungua akaja akaketi mbele yangu, akanisimulia, si kwa ubaya, kama mtu anayesoma orodha. Yasinta alijifungua pale Kasesya, mtoto wa kike. Huku kwetu shule zilikuwa zimemfungia mlango, ng'ambo ya mpaka walimpokea, ila kwa sababu ya lugha akarudishwa madarasa mawili nyuma. Kila asubuhi alivuka kizuizi na sare ya nchi nyingine. Saa ya mapumziko alirudi mbio kunyonyesha, kisha akavuka tena. Askari wa pande zote mbili walimzoea. Wakimwona anakuja walikuwa wanamwinulia kizuizi kabla hajafika, ili asipoteze muda.

"Watu wenye bunduki walimwinulia kizuizi," mama yule akasema, "wewe uliyekuwa na mikono mitupu ukamfungia."

Akaniletea sahani. "Kula. Umetoka mbali." Nilikula, Deo. Sijawahi kula chakula kigumu kumeza kama kile, na kilikuwa kitamu.

Nikamweleza habari zako, kwamba umechaguliwa kwenda kusoma palepale Yasinta anapofundisha. Akatoa simu kwenye mkunjo wa khanga yake, akapiga. Sikumwomba. Akaongea Kifipa haraka haraka, kisha akaniwekea simu mkononi.

Nikasema, "Yasinta, ni mimi. Matroni."

Huko kwake nilisikia watu wanapita, viatu kwenye sakafu.

"Matroni Oresta?"

"Ndiyo."

"Shikamoo."

Alinipa shikamoo. Ulimi ukakataa kuipokea. Maisha yangu yote nimeitikia marahaba bila kufikiri, siku ile neno halikutoka. Nikamwambia tu kwamba mwanangu anakuja idarani kwao.

"Deo? Yule wa kasorobo?"

Anakukumbuka, mwanangu. Nikasema ndiye.

"Anajua?"

"Hajui."

Nikaanza kusema, "Yasinta, nilitaka kukuomba..." akanikatiza.

"Usiniombe kwenye simu, nina kipindi saa tisa. Na usimtume mtoto aje aniombe kwa niaba yako. Atakuja kama mwanafunzi, nitamfundisha kama mwanafunzi. Akifanya vibaya atapata alama mbaya. Lakini mwambie. Mwambie wewe mwenyewe, kabla hajapanda basi. Sitakaa darasani na mtu ambaye mimi najua jambo la nyumbani kwao na yeye halijui."

Nikasema nitamwambia.

Nilidhani amekata. Kisha akasema, sauti imebadilika kidogo, sasa ya mtu wa kazini, "Kuna jambo jingine. Tunakusanya masimulizi. Waliofukuzwa wanazungumza, wengi tu. Waliotupapasa, walioandika majina, waliofunga mageti, hakuna hata mmoja. Kila ninayempata anasema hakumbuki." Akaniuliza, "Wewe unakumbuka?"

"Nakumbuka mpaka sweta lako."

"Lilikuwaje?"

"Rangi ya damu ya mzee. Mkono wa kushoto umefumuka kwenye kifundo."

Nikamsikia akishusha pumzi. Sijui ilikuwa pumzi ya nini. Akasema, "Basi usisahau. Tutakuja Rukwa mvua zikiisha." Akakata.

Hakusema amenisamehe. Usije ukadhani nimelificha neno hilo mahali fulani katikati ya mistari. Hakulisema, na mama yake mdogo hakulisema. Nilirudi Sumbawanga na vumbi langu, ukanipokea mkoba, ukaniuliza, "Poleni na msiba, marehemu alikuwa nani?" Nikataja jina la kubuni. Hata hilo nakuomba radhi.

Wiki hizi nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Juzi tulipokuwa tunavunja mabonge shambani nilianza kabisa, nikasema, "Deo, unajua zamani kule bweni," wewe ukaitikia "Enhe?" kwa uso mkunjufu kiasi kwamba nikamalizia kwa habari ya panya. Ukacheka. Lile la panya halikuwahi kutokea.

Sasa unakwenda kujifunza kwa nini mambo kama yale yalitokea. Watakufundisha sheria, watakufundisha mila, watakupa maneno makubwa ambayo mimi siyajui, na naamini ni ya kweli. Sheria ilikuwepo kweli. Mkuu wa shule alikuwepo kweli, na hofu yangu ilikuwa ya kweli, kwa sababu mtoto wangu alikuwa wa kweli. Nakuomba usizitumie kunisafisha. Ukisoma kitabu ukaona mwanamke kama mimi ameelezwa vizuri, kwamba alikuwa amebanwa, hakuwa na la kufanya, kumbuka kwamba mwalimu hakuinua kichwa. Kulikuwa na nafasi ya neno moja pale. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwepo, na ilikuwa yangu.

Wala usinichukie haraka ili umalize. Hilo nalo nalijua. Mimi nilimchukia baba yangu kwa siku moja ya baiskeli, nikapumzika humo miaka ishirini, sikumuuliza hata mara moja alikuwa anawaza nini njia nzima. Amekufa sijamuuliza. Wewe una nafasi ya kuuliza.

Kama kuna kitu nimekipata, ni kidogo, nacho hiki. Hofu ina haraka. Inakutaka useme sasa hivi, hapohapo mstarini, mbele ya daftari. Ningeichelewesha mpaka mchana tu, ningesema, "Mwalimu, nina kizunguzungu, nikanywe maji," huenda ningerudi mtu mwingine. Huenda. Siku ikikufikia, na itakufikia, huko chuoni au kazini, kwa jambo dogo kuliko hili au kubwa kuliko hili, jaribu kwenda kunywa maji.

Na mtu akikuletea siri yake, usiwe mwepesi kusema "kwangu halitatoka" kwa sababu tu moyo umejaa. Mwulize kwanza atakayetishia ni nani, kisha jitazame kama utasimama. Ukiona hutasimama, mwambie aende kwa mwingine. Ataumia kidogo. Yasinta angeumia kidogo, angekwenda kwa mtawa yule wa parokia, ambaye hakuwa na mtoto wala hakuogopa mtu.

Wakija mvua zikiisha, nitazungumza. Nimeshaamua. Nitataja jina langu, na watu wa Pito watalisikia, na bibi yako, na mjomba wako wa Kaoze. Wapo watakaosema nimejivua nguo barabarani kwa mambo yaliyokwisha kuzikwa. Kama wewe utakuwa miongoni mwa wanafunzi watakaokuja na vile vinasa sauti vyao, sijui kama nitaweza mbele yako. Lakini usijitoe kwenye safari kwa ajili yangu. Njoo. Kaa nyuma, usinisaidie nikikwama.

Barabarani kuna watu wanakuja kutoka upande wa kanisa, wawili, mmoja ana shati la kijani. Bibi amekusindikiza, nilijua tu.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niisukume chini kabisa ya begi, chini ya suruali na vyeti, uikute ukiwa umeshafika, mimi niko mbali, siuoni uso wako. Nimeishika hapa tayari kwa hilo. Hapana. Huko ni kusema "huyu anayo" kisha kuondoka bwaloni.

Nitakupa mkononi, leo, kabla hatujala. Nitamwomba bibi akae nasi jikoni, maana naye hajui. Nitaketi kwenye kigoda mbele yako, sitanyanyuka, hata maharage yakiungua, mpaka utakapofika mstari huu. Kisha uliza unachotaka kuuliza.

Mama yako,
Oresta